Chiriku Amegeuza Gitaa

Nyumbani, mezani pa cherehani
Jumatatu, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Salamu zangu nazituma zikiwa bado za moto, zikufikie kabla hazijapoa njiani. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale pacha, waambie shangazi yao anauliza meno: yameota yote au bado wanacheka kwa ufizi? Goti lako nalo linasemaje kwenye hiyo baridi yenu? Usiniambie limepona, maana nitajua unanidanganya. Sema tu kama limepungua au limezidi.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anakohoa asubuhi tu, na kikohozi chenyewe ni cha kuitishia chai. Mama hajambo kabisa. Masikio yamepungua, lakini mdomo uko palepale ulipouacha.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Simu hukatika mtu akiwa katikati ya jambo lake, na jambo nililonalo leo halitaki kukatwa. Vuta kiti. Umekaa? Haya sikia: Chiriku wangu anapiga gitaa! Anapiga, mdogo wangu, tena jukwaani, mbele ya watu, waliovaa viatu na heshima zao! Nimeanzia mwisho, najua. Nimeshindwa kuizuia. Ngoja sasa nirudi nyuma nikupangie vizuri.

Habari ya mkono wake ulipewa kwa simu huku nalia, kwa hiyo nina hakika hukuambulia kitu. Ilikuwa hivi. Chiriku na mwenzake wa pale karakana ya vioo walikuwa wamebeba kioo kikubwa cha dirisha. Kikapasuka wakiwa wamekishika, na kipande kikampitia kiganja cha kushoto. Daktari alishona vizuri sana, sina neno naye. Lakini kano za vidole viwili, cha kati na cha pete, hazikurudi kama zamani. Vimenyooka tu kama askari wa gwaride, havikunjiki. Tajiri wake hakumtupa, Mungu ambariki. Alimtoa kwenye kukata vioo akampa kazi ya kwenda kupima madirisha ya wateja.

Mkono wenyewe ulikuwa hauumi tena. Kilichouma ni gitaa. Wewe si mpiga muziki, nikueleze: mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi kule shingoni, wa kulia unachapa tu huku chini. Sasa utabanaje na vidole visivyokunjika? Akalichukua gitaa akalisukuma nyuma ya kabati, akawa hasemi. Binti tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu hanyamazi, huyo huyo, anakula ananyanyuka, anakula ananyanyuka. Nyumba ikawa kama imehamwa.

Na kule kwenye bendi anayopigia, nafasi yake ilikuwa inaning'inia hewani. Kiongozi wao ni yule mzee tunayemwita Saa, kwa sababu kwake dakika haisogei wala mdundo hauchelewi. Rizimu ya Chiriku, lile gitaa linaloshikilia wimbo wote kama pindo linavyoshikilia shati, alimpa Mrefu aibebe kwa muda. Mrefu mwenyewe ni mpiga solo, kwa hiyo aliibeba kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Na tayari kulikuwa na jamaa mwingine anabisha hodi kwa Saa, anaitaka nafasi iwe yake moja kwa moja. Saa akasema atangoja kidogo. Unajua mtu anayeitwa Saa akisema kidogo ni kidogo gani.

Sasa hapo ndipo dada yako alipoingia. Wacha nijisifu, mwamba ngoma huvutia kwake.

Nilikuwa nakata sare za shule. Nikamwambia Chiriku nipe chaki. Akainyakua kwa mkono ule ule wa kushoto, kwa kidole gumba na cha shahada, akaninyooshea bila hata kufikiri. Chaki ya mafundi unaijua, bapa, ndogo, ina pembe tatu. Nikaitazama chaki, nikautazama mkono.

"Mwanangu, hii si sawa na kile kiplastiki chako cha kuchapia nyuzi?"

"Mama, kuchapa hakunishindi. Kubana ndiko kunakonishinda."

"Na huo mwingine uliolala hapo una kazi gani? Si uupe hiyo ya kubana!"

Akaniambia mkono wa kulia haujui kubana hata kidogo. Nikamwambia hata wa kushoto haukuzaliwa unajua, niliusikia kwa masikio yangu ukijifunza, nyumba nzima iliusikia, na majirani wakahamisha vitanda. Akaondoka zake. Lakini nilimwona akitembea anafungua na kufunga vidole vya kulia kama mtu anayejaribu glavu.

Basi mimi na wazo langu, nani angenishika? Kesho yake alipokwenda kupima madirisha nililitoa gitaa nyuma ya kabati. Nikafikiri: mikono ikibadilishana, nyuzi nazo zibadilishane, ule mnene uende ulipokuwa mwembamba na mwembamba ulipokuwa mnene. Mtu anayeifungua cherehani vipande vipande na kuirudisha, gitaa limshinde? Nikazifungua zote nikazipanga upya. Ule mnene ukakataa kuingia kwenye kijifereji cha mwembamba, ukakaa juu juu kama mgeni asiyekaribishwa. Mwembamba nao ukazama kwenye mfereji wa mnene, ukawa unapwaya kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Nikasema dawa yake ni kukaza. Nikakaza. Nikakaza tena. Mara paa! Ukakatika, ukanichapa shavuni mpaka nikamwita marehemu bibi kwa jina lake la utotoni.

Chiriku aliingia akanikuta nimeshika shavu, gitaa mapajani, nyuzi zimesimama kama nywele za mtu aliyeamka. Nikasubiri anigombeze. Akacheka! Alicheka mpaka akateleza ukutani akakaa sakafuni, na mimi nikacheka na shavu langu linavyowaka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile, mdogo wangu.

Akanieleza kumbe kile kipande cheupe chenye mifereji, kinachokaa juu ya shingo, nacho lazima kibadilishwe. Tukaenda kwa seremala wa mtaa wa nyuma, yule wa vitanda. Akachonga kipya kwa mfupa tuliopewa buchani, akachimba mifereji kinyume, minene huku, myembamba huku. Alichonga anapiga mluzi, na akakataa kumpa Chiriku kabla hajakipuliza vumbi mara kadhaa kama mtoto mchanga. Gitaa likawa limegeuka.

Usidhani ndiyo ikawa rahisi. Kichwa cha Chiriku kilijua nyimbo zote, ila vidole vya kulia havikujua hata mlango wa kutokea. Ncha zilikuwa laini, zikatoka malengelenge. Nikampa kile kikofia changu cha chuma cha kujikinga na sindano avae kidoleni, gitaa likalia kama sufuria. Mkono wa kushoto nao, uliopewa kazi nyepesi ya kuchapa, ukawa unapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Shemeji yako alikuwa akirudi kazini anauliza mlangoni, "Paka ametoka kwenye nyuzi au nizunguke tena?" Mama peke yake ndiye aliyesifia kila siku, na hali ya masikio yake nimeshakueleza.

Kilichomkera zaidi ni mdundo. Hawezi kwenda sawasawa, mara anakimbia, mara anaburuta. Nikamwambia, sogeza kigoda hapa kwangu. Cherehani yangu ya miguu haijawahi kupotea njia tangu niinunue. Mimi nikikanyaga, wewe chapa. Jamani, ilivyokuwa tamu! Kila jioni kabla ya chakula, mimi nashona mifuko ya mashati ya shule, yeye ananifuata. Taka-taka, taka-taka, na gitaa juu yake. Majirani walikuwa wanasimama dirishani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikawaambia, na nikawaambia pia wazo ni la nani.

Hatimaye Saa akamwita, akisema njoo Jumamosi nikusikie. Nami nikaenda, nikakaa benchi la nyuma kwenye kile chumba chao cha mazoezi chenye magodoro ukutani. Chiriku hakutaka niende, lakini mama haalikwi.

Kabla hata wimbo haujaanza likatokea la kwanza. Watu wengine wote shingo za magitaa yao zinaelekea upande mmoja, yeye la kwake linaelekea kinyume. Akageuka kidogo tu, shingo ya gitaa ikamkung'uta Mrefu kwenye kiwiko. "Binti, unapiga gitaa au unanipiga mimi?" Wakacheka, wakamhamishia ukingoni kabisa, karibu na mpiga ngoma.

Wakaanza. Mdogo wangu, nilivimba! Vidole vinapanda vinashuka, kila kitu mahali pake. Halafu Saa akainua mkono, wakanyamaza.

"Unamsubiri nani?"

Chiriku hakuelewa. Wakarudia. Mbele kidogo Saa akainua mkono tena. "Hapo. Unasimama. Unapiga vizuri, unasimama kidogo, halafu unaendelea. Unamsubiri nani?"

Chiriku akasema hajui, na kweli alikuwa hajui, machozi yameanza kumlenga. Wakarudia mara nyingine. Na mimi kule nyuma, mguu wangu ulikuwa unakanyaga sakafu wenyewe, maana ni mguu wa fundi. Mguu ukaenda, ukaenda, ukasimama. Na gitaa likasimama. Pamoja! Nikaruka kutoka kwenye benchi.

"Ni mfuko! Mzee, anashona mfuko!"

Wote wakanigeukia kama nimepandwa na kichaa. Lakini wewe ndugu wa fundi utanielewa. Mfuko wa shati una kona. Nashuka upande mmoja, nafika kona, nasimama, nazungusha kitambaa, nashona chini, kona tena, nasimama, nazungusha, napanda. Mtoto alikuwa amejifunza nyimbo zote pamoja na kona zangu! Nilipowaeleza, Mrefu alicheka mpaka akavua gitaa. Saa hakucheka. Alisema rizimu ikisimama, wimbo mzima unajikwaa. Akasema wana shughuli ya kumuaga mwalimu mkuu anayestaafu, kwenye ukumbi wa shule. Siku hiyo atapiga Chiriku. "Rudi bila mifuko. Ukiniletea kona hata moja mbele ya watu, yule jamaa anaanza kesho yake."

Tukarudi nyumbani. Nilijua ni mimi niliyemtia zile kona, na yeye alijua, na hakunilaumu, ndiyo maana iliniuma zaidi.

Nikazirudisha sare kwa mwenzangu azimalizie, nikaenda kuomba mapazia. Mapazia! Pindo refu, limenyooka, huna pa kusimama mpaka mwisho wa kitambaa. Nilipata ya jengo zima la ofisi, tukarudi kwenye kigoda, mimi na pazia, yeye na gitaa. Ukiyaona mapindo yale, mdogo wangu, utadhani yamepigwa kwa rula. Zile kona zikaanza kumtoka moja moja. Mimi nikasema basi, tumeshinda.

Kumbe yeye hajaridhika. Jioni moja akaniambia, "Mama, shona mifuko."

"Mifuko tena? Si ndiyo tunayoikimbia?"

"Ndiyo hiyo. Shona, na usinionee huruma."

Nikashona mifuko. Mwanzoni kila nikisimama alisimama, akaguna, akaanza upya. Siku zilizofuata akawa anayumba tu, hasimami. Nikaanza ukorofi sasa, nasimama pasipo na kona, nakimbia, naburuta, nakohoa kwa makusudi. Naye amefumba macho anakwenda zake! Ndipo nikajua hanifuati tena. Nikaendelea kukanyaga cherehani haina hata uzi, ili tu nimsikie akinipita.

Siku ya shughuli nilivaa ile gauni ya zambarau uliyosema inanipendeza. Ukumbi ulijaa walimu, wazazi na wanafunzi wa zamani wenye vitambi. Nikakaa safu ya pili, na shemeji yako pembeni ameniwekea mkono begani, si kwa mapenzi, ni kunizuia nisiruke. Nilikuwa nahesabu kila kona ambayo haijatokea. Wimbo wa kwanza, salama. Wa pili, salama, na watu wakaanza kunyanyuka kucheza, mwalimu mkuu mwenyewe akiwa mbele na koti ameliweka begani.

Katikati ya wimbo uliofuata kiti cha mpiga ngoma kikavunjika mguu.

Alikwenda chini yeye na zile sahani zake za shaba anazozigonga, kishindo kama kabati la vyombo limeanguka. Besi ikanyamaza, maana mpigaji aligeuka kumwokoa mwenzake. Mrefu akatoa mkono kwenye nyuzi. Mwalimu mkuu akasimama mguu mmoja juu. Mimi nilisimama, shemeji yako akasimama, moyo wangu nao nadhani ulisimama.

Chiriku hakusimama.

Yuko pale pale ukingoni, karibu kabisa na ile ajali, sahani ya shaba inazunguka miguuni pake, na mkono wake wa kushoto, ule wenye vidole viwili vya gwaride, unachapa tu. Sawasawa, hauongezi wala haupunguzi, kama mtu anayepita barabarani na ugomvi si wake. Saa akamgeukia. Akamtazama kwa muda wa kutosha kunimaliza. Halafu akaushika wimbo, akaimba juu ya lile gitaa peke yake, ukumbi mzima umenyamaza, sauti moja na gitaa moja. Mpiga ngoma akanyanyuka, akavuta kreti la soda, akalikalia, akasikiliza, akaingia. Aliingia kwa mdundo wa nani? Wa mwanangu! Besi ikaingia, Mrefu akaingia, na mwalimu mkuu akaushusha ule mguu mahali panapotakiwa. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia ya ukumbi, ambayo kwa kweli yalikuwa yameshonwa ovyo.

Baadaye wakati wanakunja nyaya nilisogea karibu, najifanya natafuta kiatu. Saa hakumsifu, si kawaida yake. Alipita na waya begani, akasema bila kusimama, "Jumamosi, saa nane. Ukichelewa naanza bila wewe." Neno hilo huwa anawaambia watu wa bendi peke yao. Mrefu akampiga Chiriku kofi la mgongo, akasema sasa atarudi kwenye solo yake na viatu vyake mwenyewe. Huko nje uani mtoto akalia, nami nikalia, na shemeji yako akasema ni vumbi.

Tangu siku ile amenikataza kutangaza mtaani. Eti namwaibisha, eti hata muuza mkaa ameshaelezwa mara mbili. Nikamwambia sawa mwanangu, nimekoma. Lakini wewe si mtaa, wewe ni damu yangu, na barua haina wa kuifinya chini ya meza ili inyamaze. Kwa hiyo yote nimeyaleta kwako, uwatangazie huko kwa niaba yangu.

Bado nina moja, nalo ndilo linalonipa raha kuliko makofi yale. Mpaka juzi kila alichopiga kilikuwa cha zamani, alikuwa anakitafuta alikokiacha. Leo asubuhi nimesikia kitu nisichokijua. Nikadhani amepotea. Nikachungulia, nikamkuta kitandani na gitaa lake lililogeuka, anarudia kipande kidogo, anakosea, anarudia. Nikauliza ni wimbo gani huo. Akasema hauna jina bado, ni wa kwake, ameuanza jana. Wimbo huo mkono wa kushoto haujawahi kuubana hata siku moja.

Haya, nisalimie wifi yangu, mwambie kitambaa alichoomba nimekipata na sitakishona mpaka aniletee vipimo vya kweli, si vile vya kabla ya pacha. Wabusu pacha kwenye mashavu yote manne. Mama anakusalimu, anasema ule. Shemeji yako anakusalimu, anasema barua hii ameisoma na nimeongeza chumvi, usimsikilize. Chiriku anamsalimu mjomba wake, ila hajui nimeandika nini.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mzuri na goti la kupandia ngazi.

Ni mimi, dada yako akupendaye hata ukichelewa kujibu,

Mama Chiriku